Tausi wa Upande wa Nyuma

Kidani cha kundan cha Jaipur, India, kikiwa shingoni huonyesha uso mmoja tu: almasi bapa zisizokatwa pembe nyingi, zumaridi, lulu zinazoning'inia ukingoni, na dhahabu safi iliyokandamizwa kuzunguka kila jiwe. Uso wa pili umelalia ngozi ya mvaaji. Harusi itapita, wageni watakula biriani na kuondoka, wapiga picha watafunga mizigo yao, na hakuna atakayeuona. Lakini mtu anayeifahamu kazi ya masonara wa Rajasthan, akikabidhiwa kidani hicho, hukigeuza kabla hajasema neno. Nyuma kuna bustani nzima ya enameli: maua mekundu juu ya weupe wa maziwa, majani ya kijani kibichi, na mara nyingi tausi wawili wanaotazamana, kila unyoya ukitenganishwa na mwenzake kwa mstari wa dhahabu.

Ndivyo vito hivi vilivyofanywa tangu enzi za wafalme wa Mughal, mawe mbele na enameli nyuma. Na desturi hiyo inaibua swali ambalo mtu wa dini na mwanafalsafa hawawezi kulipita hivi hivi: uzuri unaowekwa mahali pasipofika macho unawekwa kwa ajili ya nani?

Jibu jepesi liko tayari mdomoni mwa kila mtu, kwamba ni kwa ajili ya Mungu aonaye yote. Mifano ya kulitia nguvu haikosekani. Sanamu zilizojaza pembetatu za paa la hekalu la Parthenon kule Athens, zilizomalizika mwaka 432 kabla ya Kristo, zimechongwa hadi mgongoni, ingawa migongo hiyo ilielekea ukutani, mita nyingi juu ya vichwa vya waabudu. Leo nyingi kati ya zilizosalia ziko London, zimeshushwa hadi usawa wa macho, na mgeni anaweza kuzizunguka na kutazama mikunjo ya nguo ambayo Mwathene aliyelipia ujenzi hakupata kuiona baada ya sanamu kupandishwa. Katika karne ya 12 mtawa mmoja wa Ulaya aliyejiita Theophilus aliandika kitabu cha mafunzo ya ufundi, akaeleza hatua kwa hatua jinsi ya kusimamisha kuta za dhahabu nyembamba juu ya bamba na kujaza vyumba vyake unga wa kioo. Utangulizi wa sehemu hiyo ya kitabu unafundisha kwamba vile vipaji saba vya Roho Mtakatifu ndivyo vinavyouongoza mkono wa fundi. Jina Theophilus lenyewe huenda halikuwa jina lake halisi. Wataalamu wengi hudhani alijificha nyuma yake.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, awe Mwislamu au Mkristo, hahitaji kufundishwa mantiki ya jibu hilo. Amelelewa nayo. Dini zote mbili zinasifu sadaka inayotolewa kwa mkono wa kulia bila wa kushoto kujua, na zote mbili zinaogopa kitu ambacho Kiswahili kimekipa jina fupi la ria. Tendo likifanywa ili watu waone, thawabu yake imeliwa tayari. Likifanywa gizani, pana matumaini ya ikhlasi. Kwa kipimo hicho, tausi wa nyuma ya kidani ni sadaka ya siri, na fundi aliyemchora ni mcha Mungu.

Tatizo ni kwamba hakuna aliyemuuliza fundi.

Enameli si rangi ya kupaka. Ni kioo. Husagwa kikawa unga, huoshwa, huwekwa juu ya metali kikiwa kibichi, kisha huingizwa katika tanuri lenye joto la nyuzi 750 hadi 850 hivi za Selsiasi, kikayeyuka na kushikana na metali yenyewe. Anayetaka kuielewa asiende mbali. Atazame kile kikombe cheupe cha bati chenye ukingo wa buluu ambacho nyumba nyingi za Tanzania na Kenya zimekinywea chai. Weupe ule ni kioo kilichochomwa juu ya chuma. Kikianguka sakafuni, kioo hubanduka, na doa jeusi linalobaki ni chuma kilichokuwa chini yake. Tausi wa Jaipur na kikombe hicho ni ndugu wa damu, tofauti ni kwamba mmoja alikulia ikulu.

Rangi za kioo hutokana na madini. Kobalti hutoa buluu, shaba hutoa kijani na feruzi, oksidi ya bati hukifanya kioo kiwe cheupe kisichopenya mwanga, na wekundu wa rubi, ule ambao mafundi wa Jaipur wanasifika kwao, hupatikana kwa dhahabu yenyewe iliyoyeyushwa ndani ya kioo kwa kiasi kidogo mno. Wekundu huo una kiburi. Ukizidishiwa moto kidogo huchafuka na kupotea, ndiyo maana mafundi huchoma kwa zamu: rangi zinazovumilia moto mkali hutangulia, na zilizo dhaifu hungoja zamu ya mwisho. Kidani kimoja huingia tanurini mara kadhaa, na kila mara kazi yote ya nyuma huwekwa rehani upya. Kosa la dakika moja katika mchomo wa mwisho huharibu kila kilichotangulia.

Kabla ya hapo kuna mchongaji. Hubandika kipande cha dhahabu juu ya fimbo yenye lakiri ili kisiteleze, kisha kwa kalamu ya chuma huchimba maumbo ya tausi na maua, akiacha kuta nyembamba za dhahabu kati ya chumba na chumba. Chini ya kila chumba kitakachopokea rangi inayopenya mwanga, hupitisha mistari myembamba mingi, sambamba au iliyokingamana. Mwanga ukiingia kupitia wekundu hugonga mistari hiyo na kurudi ukimetameta. Anayedhani tausi huyo anang'aa kwa sababu ya rangi amekosa nusu ya habari. Nusu nyingine imechongwa chini ya rangi.

Kazi zote hizi hufanywa na mikono tofauti. Kuna anayechora, anayefinyanga dhahabu, anayechonga, anayechoma enameli, anayepanga mawe, na anayefunga nyuzi. Enameli hutangulia mawe kwa sababu lakiri inayojazwa ndani ya kidani, na baadhi ya mawe yenyewe, haviwezi kustahimili tanuri. Kwa hiyo wakati tausi anachomwa, upande wa mbele ni matundu matupu. Kwa fundi wa enameli, upande wa nyuma ndio wa kwanza.

Mapokeo ya Jaipur yanasema kwamba Raja Man Singh wa Amber, aliyekuwa jemadari wa Akbar, mfalme wa Mughal, ndiye aliyewaleta mafundi wa enameli kutoka Lahore kuelekea mwisho wa karne ya 16. Jaipur yenyewe haikuwapo bado. Ilijengwa kuanzia mwaka 1727, na mafundi wakahamia huko pamoja na watawala wao. Hazina ya ikulu ya Jaipur ilitunza fimbo ya dhahabu iliyojaa enameli inayonasibishwa na Man Singh. Mwaka 1886 Waingereza wawili, Jacob na Hendley, walichapisha kitabu kizima kuhusu enameli za mji huo. Katika karne ya 20 jina lililovuma zaidi lilikuwa la Kudrat Singh, fundi wa Kisikh aliyepewa na serikali ya India nishani ya Padma Shri. Usikh huo si jambo la kupita. Dini ya Sikh huihesabu kazi halali ya mikono kuwa moja ya nguzo zake tatu, sambamba na kumkumbuka Mungu na kugawana riziki. Fundi wa imani hiyo hangehitaji kuacha meza yake ili aende kuabudu.

Lakini mafundi na wanahistoria wa vito wakiulizwa kwa nini enameli iko nyuma, wengi huanza na jambo la kawaida kabisa: dhahabu ya kundan inakaribia kuwa safi kabisa, na dhahabu safi ni laini. Ikisuguana na ngozi na nguo mwaka baada ya mwaka, inalika. Ndani yake kuna lakiri, na bamba la nyuma ni jembamba. Kioo ni kigumu. Jasho halikidhuru, msuguano haukilambi. Kwa maneno mengine, tausi ni ngao.

Ulaya nayo ilikuwa na sababu yake. Metali ikipoa husinyaa zaidi kuliko kioo. Bamba jembamba lililochomwa enameli upande mmoja tu hupinda likipoa, na kioo hupasuka au kuruka vipande. Dawa ni kuweka enameli pande zote mbili ili mivuto ilingane. Ndiyo maana picha za enameli za mafundi wa Limoges wa karne ya 16, kina Léonard Limosin aliyemtumikia mfalme François I wa Ufaransa, zina kioo nyuma pia. Wote wawili, Mfaransa na Mhindi, waliweka kioo upande usioonekana, na wote walikuwa na sababu ya kiufundi.

Hapa mwenye jibu jepesi anajikuta hana pa kusimama. Kama enameli ya nyuma ni ya lazima, imani iko wapi? Immanuel Kant, katika kitabu chake cha 1785 kuhusu misingi ya maadili, anatoa mfano wa mwenye duka asiyempunja mteja mgeni. Duka lake lina sifa nzuri, na hata mtoto akitumwa hurudi na haki yake. Lakini uaminifu huo unamletea wateja, anasema Kant, kwa hiyo tendo lake linakubaliana na wajibu bila kuwa limetokana na wajibu, na halina thamani ya kimaadili inayodhaniwa. Ukikitumia kipimo hicho Jaipur, tausi anaporomoka kutoka ibada hadi kinga ya dhahabu. Mwanachuoni wa Kiislamu Al-Ghazali, karne saba kabla ya Kant, alikuwa mkali zaidi. Katika sura zake kuhusu ria, ndani ya kitabu chake Ihya, anamfuata hata yule anayeficha ibada yake kisha moyo ukachangamka watu wakiigundua. Kwa jicho la namna hiyo, siri peke yake haimtakasi mtu.

Wote wawili wanauliza swali zuri, ila wamelielekeza kwenye jambo dogo kuliko lililopo mezani. Ukiweka bamba la Limoges na kidani cha Jaipur pamoja na kuvigeuza vyote, tofauti inajieleza. Nyuma ya bamba la Limoges kuna tabaka tupu: katika kazi za mwanzo ni kioo cha madoadoa kinachofanana na mabaki yaliyokusanywa mezani, na katika zile za baadaye ni kioo kisicho na rangi. Lazima imetimizwa, basi. Hakuna ua wala ndege. Nyuma ya kidani cha Jaipur lazima hiyohiyo, au inayofanana nayo, imetimizwa kwa tausi. Dhahabu laini ilihitaji kufunikwa kwa kioo, haikuhitaji manyoya. Tabaka moja la kijani lingelinda dhahabu kwa uimara uleule, kwa mchomo mmoja au miwili badala ya mingi, bila ile zamu ya hatari ya wekundu wa mwisho.

Swali la dini, basi, limo katika ile ziada iliyoko kati ya tabaka tupu na tausi. Mjadala wa kama fundi alisukumwa na haja au na imani unakwama kwa sababu unataka tendo liwe na sababu moja. Kazi ya mikono haiendi hivyo. Haja ilifungua mlango, ikasema hapa pawekwe kioo. Haikusema kioo cha namna gani. Kilichoingia kupitia mlango huo ndicho kinachomwonyesha mtu, na mwenye duka wa Kant hakupewa nafasi ya kukionyesha, kwa kuwa chenji sahihi haina ziada: ukishampa mteja haki yake, umemaliza.

Mtu anaweza kukubali hayo na bado akauliza ziada hiyo ililipiwa na nani. Swali ni la haki. Karibu mwaka 1125 mtawa Bernard wa Clairvaux aliandika akiwashutumu watawa waliojaza makanisa yao dhahabu: macho ya matajiri yanalishwa huku maskini wakilala njaa. Abati Suger wa Saint-Denis, karibu na Paris, alifuata njia nyingine. Kwake mng'aro wa vito uliipandisha akili nzito ya mwanadamu kutoka kwenye mambo ya dunia hadi kwenye ya mbinguni, na kwa ajili ya msalaba wake mkubwa aliwaita mafundi wa Lorraine, mara watano mara saba, ambao kwa kusimulia kwake mwenyewe walihitaji karibu miaka miwili kuumaliza. Mabishano yao bado yanasomwa vyuoni. Lakini wote wawili walizungumzia pambo linaloonekana. Pambo lililofichwa linamchoma Bernard zaidi, kwa sababu hapo hata utetezi wa Suger haufanyi kazi: akili ya nani itapandishwa na tausi aliyelalia ngozi? Hiyo si israfu tupu?

Si tupu. Dhahabu haikuongezeka kwa sababu ya tausi. Kilichoongezeka ni siku za kazi, na siku za kazi ni ujira wa mtu. Hata hivyo ujira huo ulikuwa na bei yake. Vioo vya enameli vya zamani vilikuwa na risasi, na anayesaga unga huo maisha yake yote huivuta. Mchongaji wa mistari sambamba kwenye chumba kidogo kuliko punje ya mchele hulipa kwa macho yake. Anayetaka kumwita tausi huyo ibada hana budi kusema pia kwamba mara nyingi aliyeagiza alitoa fedha na aliyetengeneza alitoa mwili, na kwamba hizo si sadaka za uzito mmoja.

Tena upande wa nyuma haujafichika kama inavyosemwa. Mvaaji anaujua. Katika nyumba za wakuu wa Rajasthan, ambako wanawake walivishana vito ndani ya kuta zao, tausi alikuwa na watazamaji wake, ila hawakuwa wageni wa ukumbini. Na dukani, mteja mzoefu akishajua kwamba fundi mzembe huzembea nyuma, nyuma hugeuka kuwa cheti cha ubora. Muuzaji naye akilijua hilo, hukigeuza kidani mwenyewe kabla hajaombwa. Yaani siri iliyotajwa kuwa ushahidi wa ikhlasi imekuwa tangazo la biashara, na ria imerudi kupitia mlango wa uani. Al-Ghazali asingeshangaa hata kidogo.

Kuna mahali pamoja, hata hivyo, ambapo mteja hafiki akigeuza vyovyote, wala mvaaji. Ni sakafu ya vile vyumba vidogo, hasa vilivyofunikwa kwa rangi isiyopenya mwanga. Chini ya wekundu mistari ya mchongaji huonekana, hivyo uzembe huonekana pia. Chini ya weupe haionekani. Sakafu ya hapo inahitaji kukwaruzwa ili kioo kishike, na mchongaji ndiye anayeamua: aiparuze haraka, au aichonge kwa uangalifu uleule aliotumia chini ya wekundu. Enameli ikishachomwa, hata yule anayeipaka kwa kazi yake hatajua tena. Hukumu huja baada ya miongo au karne, kioo kinapobanduka mahali fulani na mtunzaji wa makumbusho akaelekeza darubini yake kwenye dhahabu iliyofunuliwa. Alama za kalamu hukutwa palepale zilipoachwa, na mtaalamu huzisoma: kina, mwelekeo, mahali mkono ulipochoka.

Sehemu kubwa ya vito vya bei nafuu vinavyouzwa siku hizi kwa jina la mina, yaani enameli kwa Kihindi, huko India na katika maduka ya urembo ya miji mingi ya nje, haina sakafu ya namna hiyo. Umbo humwagwa kwenye kalibu, na rangi ya nyuma ni utomvu wa viwandani unaokauka bila tanuri. Tausi bado yuko, mara nyingi wawili, wanatazamana kama zamani. Hakuna moto uliomtishia, wala kioo, wala dhahabu laini inayohitaji kulindwa. Haja imeondoka na pambo limebaki, kinyume kabisa cha bamba la Limoges. Muuzaji bado hukigeuza kidani kwa fahari, na mteja bado huitikia kwa kichwa.